Dakika Tatu Mbele

Agosti 11

Daktari kaniambia nitafute daftari. Kila siku nimvike mzee wangu kile kibanio kwenye kidole, nisome namba ya hewa iliyo kwenye damu, niandike. Ikiwa tisini au zaidi, tushukuru. Ikishuka chini ya themanini na tano, nimpigie simu. Daftari sikununua, kule maabara ninakofanya kazi yamejaa kabati zima. Kurasa ni mia mbili na namba ni moja kwa siku, na mimi karatasi tupu hunikera, kwa hiyo humu nitaandika na mengine. Daktari hakukataza.

Kidole: 92.

Tumeruhusiwa leo kutoka hospitali kwa sababu kitanda kinahitajika. Tumeazimwa mashine ya oksijeni, kisanduku chenye magurudumu kinachoingia kwenye umeme, na mrija unaokwenda puani. Mzee amefanya kazi kwenye mtambo wa makaa ya mawe miaka thelathini na tatu. Alianza kwa kukokota majivu chini ya boila, akamalizia akiwa mkuu wa zamu. Makaa alidhani ameyaacha kazini, kumbe aliyabeba kifuani. Kwa ajili ya siku umeme ukikatika wametupa na mtungi mmoja wa hewa, mrefu hadi kiunoni kwangu. Unatosha saa mbili.

Usiku wa kwanza nyumbani mashine imekoroma kuliko mume wangu alivyowahi kukoroma mwenyewe. Nilimwambia. Akasema afadhali sasa nimepata wa kumlaumu.

Agosti 12

Kidole: 91. Makaa yaliyoingia leo ni makavu, yanawaka vizuri. Kazi yangu ni hiyo: kupima makaa kabla hayajaingia na maji ya boila kabla hayajageuka mvuke. Miaka ishirini na sita sasa.

Agosti 15

Kidole: 91.

Mgao wa kwanza wa umeme kiangazi hiki. Dakika arobaini. Nilikuwa nyumbani, nikamfungulia mtungi, tukakaa tunautazama mshale wake ukishuka.

Niseme jambo moja, maana siku moja mtu mwingine anaweza kulisoma daftari hili asielewe. Sisi wafanyakazi wa mtambo tunakaa mtaa mmoja, unaitwa Makazi. Kutoka mtamboni zinatoka laini tatu za mji huu: Makazi, Soko na Hospitali. Miaka kumi na tisa iliyopita mji ulikaa gizani wiki mbili, huku Makazi taa zinawaka hadi barazani. Watu wakaja na mawe. Mzee ndiye alikuwa mkuu wa zamu. Hakuita polisi. Alikata laini ya Makazi kwa mkono wake, akatoka hadi getini, akawaambia kuanzia leo tukipungukiwa tunaanza kukata kwetu. Wakarudi makwao. Sheria hiyo haijaandikwa popote na hakuna mkuu wa zamu aliyewahi kuivunja. Makazi kwanza, kisha Soko, Hospitali kamwe. Soko nalo halijafikiwa miaka sita, maana kukata Makazi huwa kunatosha.

Ndiyo maana redio yetu yenye saa, ile ya kuchomeka ukutani, kila kiangazi hushinda inapepesa sufuri nne. Umeme ukirudi mzee ndiye huirekebisha. Huiweka dakika tatu mbele. Anasema ananijua, bila hizo dakika tatu ningekuwa nimeshafukuzwa kazi zamani.

Agosti 23

Kidole: 90. Bwawa kubwa la nyanda za juu limebaki mita nne juu ya alama nyekundu. Upepo wa vumbi tu.

Agosti 30

Kidole: 90. Mita tatu na nusu.

Nchi hii wakati wa mvua hutusahau kabisa. Mabwawa yakijaa, umeme wote unatoka huko, sisi wa makaa tunaambiwa tuzime, tufagie. Mvua ikigoma ndipo tunakumbukwa. Sasa mitambo ya gesi ya pwani nayo imo kwenye matengenezo, na majenereta ya mafuta ya kaskazini yanangoja mafuta. Yule dada wa Kituo Kikuu, anayegawa umeme wa nchi nzima kwa simu, amewaambia wa kwetu wasukume boila zote mbili hadi mwisho. Boila ya pili ina bomba linalotoa jasho. Mkuu wa zamu ameomba isimamishwe siku tatu itengenezwe. Dada akajibu, "Utasimama mvua ikinyesha, kaka yangu."

Mkuu wa zamu huyo tunamwita Rula. Anapiga mistari ya daftari la zamu kwa rula, anatembea wima, anakula chapuchapu na kimya. Mzee alimpokea akiwa kijana wa kukokota majivu, akamfundisha kila valvu. Sisi hatukujaliwa mtoto, na kuna miaka alikuwa anakula kwetu siku nne kwa wiki. Tangu apewe cheo amekuwa mkavu. Huja kumwona mzee mara moja kwa mwezi, anakaa ncha ya kiti, anauliza, anaondoka.

Septemba 4

Kidole: 89. Mgao saa moja na dakika hamsini. Mshale wa mtungi ulikuwa umelala. Kesho naubadilisha hospitali.

Septemba 6

Kidole: 89.

Leo nimemeza kiburi changu. Nimepanda hadi chumba cha mitambo bila karatasi ya vipimo mkononi. Rula akainuka, kama anavyoinuka siku zote nikiingia.

"Karibu, Mama."

"Leo sikuleta namba. Nimekuja kuomba."

"Sema tu, Mama."

"Laini ya Makazi. Ukiwa zamu, usiikate. Mzee anapumua kwa mashine."

Alitazama mishale ya boila.

"Mtungi si upo?"

"Ni wa saa mbili. Juzi ilibaki kidogo tu uishe."

"Nikiacha Makazi itabidi nikate Soko, na watu watajua. Halafu sheria si yangu, Mama. Aliyeiweka ni mzee mwenyewe."

"Aliiweka akiwa na mapafu."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

Hapo alinibana, maana mzee hajui kama nimekwenda. Akanisoma usoni, akaelewa.

"Siwezi, Mama. Nisamehe."

Sikumsamehe. Nimeshuka zile ngazi sitini na mbili nikiwa na maneno mengine ambayo daftari la hospitali haliwezi kuyabeba.

Nilipomweleza mzee, alicheka hadi ikabidi nimshike mgongo.

"Alikataa?"

"Alikataa."

"Safi. Basi sikumfundisha bure."

Karibu nimchomoe mrija.

Septemba 9

Kidole: 88. Sina hamu na mtu yeyote.

Septemba 14

Kidole: 88. Mita mbili. Nimepishana na Rula getini, akasema shikamoo, nikaitikia nikitazama viatu vyangu.

Septemba 20

Jana mgao ulichukua saa mbili na dakika ishirini na tano.

Mtungi uliisha dakika ishirini kabla umeme haujarudi. Nilimkalisha wima, nikafungua madirisha yote, nikampepea kwa jalada la daftari hili. Midomo ikabadilika rangi. Kidole kilisema 79, kisha 76, kisha nikakivua kibanio kwa sababu sikutaka kujua. Alinishika mkono akanikazia macho, na katika miaka thelathini ya ndoa sikuwahi kumwona mume wangu akiogopa hadi jana. Mashine ilipokoroma tena nilikaa sakafuni, nikalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea. Yeye akanyoosha mkono taratibu kwenye redio, akaanza kubonyeza zile sufuri. Hata hakumaliza, alisinzia.

Leo asubuhi wifi yangu amefika, dada wa mzee, fundi cherehani. Ana nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Wifi huingia akiwa ameshaanza kuongea.

"Kaka, unahamia kwangu. Umeme wa huko haukatiki. Cherehani yangu ya umeme shahidi."

"Nihame kwangu kwa sababu gani?"

"Kwa sababu unakufa, kaka. Au hiyo nayo ina zamu yake?"

Mzee akautazama mtungi mtupu.

"Nitahama," akasema. "Lakini asijue mtu. Nimewakatia watu wa mtaa huu umeme miaka yote, na sasa wote wanakatiwa kwa neno langu. Sitaki kusikia eti mwenye sheria kaikimbia. Na hasa asijue yule kijana."

"Rula?"

"Yeye anaishika kwa ajili yangu. Akijua nimehama, ataishikia nini?"

Nikaapa. Wifi akaapa pia, ingawa kwa wifi kukaa na siri ni mateso.

Kidole leo: 86.

Septemba 22

Kidole: 88.

Tumehama. Saa nne asubuhi, watu wako kazini na watoto shuleni. Teksi imerudi nyuma hadi mlangoni, mzee akaingia na kofia hadi machoni. Mashine tumeifunga ndani ya shuka kama mzigo wa nguo za kushona. Mtungi mpya tumeuacha nyumbani. Kuutoa ule mchana kweupe ni sawa na kupiga tarumbeta, na nyuma ya soko hatuuhitaji.

Kabla ya kutoka aliniomba nimsogezee redio, sufuri zake bado zinapepesa. Akaiweka kwa kutazama saa yake ya mkononi, dakika tatu mbele.

"Nani ataisoma?" nikamuuliza.

"Wewe, ukija kufungua madirisha. Hujawahi kuwahi popote."

Septemba 27

Kidole: 90. Wifi amemweka mzee kwenye chumba cha kushonea, kitanda kati ya cherehani na vitambaa. Wateja anawaambia ni mjomba wa mbali. Mzee analalamika kwamba amekufa akafufuka akiwa mjomba.

Oktoba 1

Kidole: 91. Tisini na moja! Hatujaiona tangu Agosti.

Oktoba 5

Kidole: 91. Hakuna mgao hata mmoja tangu tuhame. Majenereta ya kaskazini yamepata mafuta. Tungeweza kukaa kwetu tu, lakini mzee hataki nilitaje. Kila siku ya pili naenda Makazi, nafungua madirisha, naanika shuka moja, nawasha taa ya baraza. Jirani ananiuliza mgonjwa anaendeleaje, nasema amelala. Naongopa kwa ufundi kabisa.

Oktoba 9

Kidole: 90. Bwawa limegusa alama nyekundu. Rula ameomba tena boila ya pili ipumzike. Wamemkatalia. Hii mara ya nne. Alishika simu ile muda mrefu baada ya dada kuikata, nikamwona mabega yameshuka. Nikajizuia kumwonea huruma.

Oktoba 13

Kidole: 90.

Leo Rula ameshuka maabara mwenyewe, jambo ambalo halifanyi. Akasimama mlangoni akichezea kofia.

"Mama, mzee anaendeleaje?"

"Yupo."

"Yuko nyumbani?"

"Atakuwa wapi tena?"

Akaitikia kwa kichwa, akataka kusema kitu, akaghairi. Nikaendelea kuosha chupa zangu nikiwa nimempa mgongo.

Oktoba 14

Kidole:

Oktoba 17

Mzee wangu tumemzika jana. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu. Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu nikiacha mpangilio nitaanza kupiga kelele.

Tarehe kumi na nne nilitoka kwa wifi asubuhi. Kidole sikukipima. Nilikuwa nimechelewa, na mzee alikuwa anamchambua dada yake kuhusu suruali aliyoishona mguu mmoja mfupi. Nikasema nitapima jioni. Aliniambia, "Nenda, hapa hakuna dakika tatu za kukuokoa." Hayo ndiyo maneno ya mwisho.

Saa saba na dakika ishirini na nane mchana bomba la boila ya pili lilipasuka. Maabara nzima ilitikisika. Mvuke ulijaa ukumbi, tukaambiwa tutoke, kisha mimi nikaitwa nirudi, kwa sababu boila ya kwanza ilikuwa imebaki peke yake na maji yake yapimwe kila robo saa isije nayo ikapasuka. Simu tunaacha kwenye kabati la getini, ni amri ya miaka yote. Nilijua nusu ya umeme wetu imepotea na kwamba Kituo Kikuu watasema kateni. Nilijua pia ni nani atakatwa kwanza. Nikawaza nyumba yetu tupu, gizani, mtungi umesimama pembeni bila kazi, na mzee wangu nyuma ya soko anapumua. Nikajipongeza. Nikiwa na chupa ya maji ya boila mkononi, katikati ya fujo ile, nilitabasamu.

Nilifungua kabati saa kumi na moja kasoro. Wifi alikuwa amepiga mara kumi na tisa.

Umeme wa kwake ulikatika saa saba na nusu. Mwanzo hakushtuka, akadhani ni fyuzi. Alipoona mtaa mzima umezima akanipigia. Mtungi uko Makazi, mlango umefungwa, ufunguo uko kwenye kabati pamoja na simu. Akakimbilia teksi, barabara ya soko imefungwa na malori yanayoshusha mizigo. Akarudi. Akamkalisha wima, akafungua dirisha, akampepea kwa kitambaa. Mzee alimwambia, "Usihangaike, wataurudisha. Vijana wanajua kazi." Alingoja umeme dakika hamsini. Ulirudi saa kumi.

Nilimkuta wamemlaza kwenye kitanda kati ya vitambaa. Mashine ilikuwa inakoroma. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Nikadhani mtambo mzima umezimika, mji mzima umekwenda. Ndivyo nilivyomwambia wifi. Tukampeleka hospitali kwa ajili ya kuhifadhiwa, kisha nikaenda Makazi kumchukulia suti yake. Jua lilikuwa halijazama. Nikafungua mlango, nikasikia friji inanguruma. Nikaingia chumbani, na redio ilikuwa juu ya meza, haipepesi. Ilisoma 18:11. Simu yangu ilisoma 18:08.

Nilikaa kitandani nikiwa na suti mapajani. Saa ile ilikuwa bado inatembea kwa mkono wake. Umeme wa Makazi haukuwa umekatika, si siku ile wala siku yoyote tangu tuhame. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa mtu alikuwa ameiruka nyumba yetu akakata Soko, na hakuna mtu mwingine aliyekuwa zamu isipokuwa Rula.

Oktoba 18

Watu wa Makazi wanaamini mzee alizidiwa akapelekwa hospitali, akafia huko. Sijawasahihisha. Rula alikuja msibani, akabeba viti, akabeba jeneza, hakunisemesha.

Leo nimepanda zile ngazi sitini na mbili. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote tangu alfajiri. Nitamwambia, ulinikatalia nilipokuomba, ukakubali siku ambayo sikuomba. Nitamwambia alikuwa wapi, alingoja dakika ngapi, nani alimpepea. Nilitaka alale na dakika zile hamsini kama ninavyolala nazo mimi.

Hakuwepo. Alikuwa chini kwenye boila iliyopasuka. Daftari la zamu lilikuwa wazi mezani, na mimi hulisoma kila siku ninapoleta vipimo, nikafungua nyuma hadi tarehe kumi na nne. Mistari imenyooka, mwandiko haukutetemeka hata siku ile.

13:28. Boila ya pili imepasuka bomba.

13:30. Kituo Kikuu wameagiza tupunguze.

13:31. Laini ya Soko imekatwa. Laini ya Makazi imeachwa. Sababu: mgonjwa.

Chini yake ameweka jina lake kamili na sahihi. Wakubwa wakilisoma atamwaga unga, naye anajua. Hakutafuta sababu ya uongo, wala hakuandika hitilafu. Ameandika mgonjwa. Nililisoma neno lile hadi herufi zikaanza kuogelea.

Nikakumbuka alivyosimama mlangoni mwa maabara, siku moja kabla, akichezea kofia. Alikuja kuhakikisha. Aliniuliza kwa mdomo wake, yuko nyumbani? Nami nikampa mgongo. Kama ningemwambia maneno matatu tu, yuko kwa wifi, mume wangu angekuwa anachambua suruali sasa hivi. Nilikuwa nimeapa, ndiyo. Lakini nisijidanganye. Siku ile sikunyamaza kwa sababu ya kiapo. Nilinyamaza kwa kinyongo.

Rula akaingia, masizi hadi kwenye nyusi. Akaona daftari limefunguliwa wapi. Akavua kofia.

"Mama, nilitaka kukuambia mwenyewe, nikakosa uso."

Nikalifunga daftari la zamu.

"Ulipoondoka siku ile uliyokuja kuomba, sikulala vizuri tena. Nikajiambia, ikitokea kwenye zamu yangu, siikati Makazi, liwalo na liwe. Nimemvunjia mzee sheria yake. Sijui kama angenisamehe."

Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni. Nilimtazama. Ana mvi sasa, sikuwa nimeziona. Nilimwona kijana wa majivu aliyekuwa anakula kwetu, mzee anamwekea mnofu kwenye sahani akijifanya ameshiba.

"Angalau hakukosa hewa, Mama," akasema. "Nimeshikilia hilo tu. Alipozidiwa, alizidiwa umeme upo."

Nikashika ukingo wa meza.

"Upo," nikasema. "Mashine ilikuwa inawaka."

"Na angenisamehe?"

"Angekusamehe. Asante, mwanangu."

Hapo ndipo alipolia. Mtu mzima, amesimama wima vilevile, mikono ubavuni. Mimi sikulia. Nililia kwenye ngazi, ngazi ya ishirini au thelathini, nimeshika reli, wale wa zamu ya jioni wakinipita kwa heshima wakidhani namlilia marehemu tu.

Oktoba 20

Wifi haachi. Tangu msiba anaapa kwamba atakwenda mtamboni amjue aliyekata umeme wa Soko, amtoe roho. Leo nimemweleza yote. Alizima cherehani.

"Kwa hiyo ni yeye."

"Ni yeye aliyekata. Ni mimi niliyemficha mgonjwa, na wewe uliyemkaribisha, na kaka yako aliyetaka siri. Umchukue nani?"

"Wewe unamtetea aliyemuua mumeo."

"Alitaka kumwokoa, wifi. Hana baba mwingine."

Alikaa akikunja kitambaa kilekile mara nne. Kisha akavuta uzi, akautia kwenye sindano.

"Basi alifia hospitali," akasema. Akawasha cherehani tena, akashona mpaka jioni bila kunitazama.

Oktoba 29

Joto. Mawingu yanakuja, yanaondoka.

Boila ni moja tu, mgao uko kila siku ya pili. Na wakuu wengine wa zamu, waliposikia kwamba Makazi iliachwa mara moja, nao wanaiacha. Watu wa mtaa wamefurahi. Kwangu redio haijazimika, bado ina dakika tatu mbele. Nikirudi jioni huwa naitazama kabla ya kuvua viatu. Ni kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho bado anakiendesha yeye.

Novemba 5

Jiwe la kwanza limerushwa. Limevunja kioo cha basi la wafanyakazi, pale karibu na soko. Hakuumia mtu. Dereva anasema aliwasikia watu wanasema, wenye umeme hao wanapita.

Novemba 6

Sikufanya kazi ya maana leo. Nimeketi na chupa zangu nikifikiria watu wa nyuma ya soko. Pengine miongoni mwao kuna mwingine mwenye mrija puani, naye amefichwa. Ikiwa sheria ya mzee itakufa, itakuwa imeuawa na mimi, pale nilipokwenda kuomba. Nayo ndiyo aliyoacha, hatukuacha mtoto.

Novemba 7

Nimepanda ngazi. Rula akainuka.

"Irudisheni sheria ya mzee," nikamwambia. "Makazi kwanza. Waambie na wenzako kwamba mjane wake amesema."

Alinitazama kwa makini.

"Una hakika, Mama? Wewe uko peke yako kule gizani."

"Giza nimelizoea. Niliolewa nalo."

Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akachukua rula, akapiga mstari kwenye daftari, akaandika.

Novemba 10

Mvua. Imeanza saa nane mchana, kubwa, na harufu ya makaa yaliyolowa imejaa kila mahali. Wafanyakazi walitoka uwanjani wakasimama tu wanalowa. Dada wa Kituo Kikuu amepiga simu akicheka, nyanda za juu nako inanyesha. Anasema ikiendelea hivi wiki mbili tutazima, tufagie. Imechelewa wiki nne.

Novemba 12

Leo saa kumi jioni wamekata Makazi, mgao wa kwanza tangu sheria irudi. Dakika thelathini na tano. Nilikuwa nimekaa karibu na redio nikiingoja, kwa sababu nilijua zamu ni ya Rula na nilijua atatimiza. Namba zikazimika bila sauti. Nilikaa hapo mvua ikipiga bati, na nilimlilia mume wangu kama ambavyo sikumlilia siku ile kati ya vitambaa, kwa sababu siku ile nilikuwa bado na kitu chake kinachotembea.

Umeme uliporudi sufuri nne zikaanza kupepesa. Nikaziacha. Nikapika chai, nikazirudia, bado zinapepesa. Mwisho nimechukua saa yake ya mkononi kwenye droo, nikaisoma. Vile vitufe vidogo sikuwahi kuvigusa, imenibidi nivae miwani.

Nimeiweka, dakika tatu mbele.